Moto wa Pili

Hadidja ndiye aliyeivunja ile saa, kwa mkono wake mwenyewe, na afadhali tuliseme mapema kabla hatujaanza kumhurumia. Nyumba nzima iliamini kwamba saa imekufa kwa uzee. Baba yake, Papa Nassoro, fundi wa kushona kanzu na kofia, alishinda nayo mapajani akiuzungusha ufunguo wake mdogo, na kila alipouachia ulirudi nyuma kwa kishindo chembamba, krrr, nguvu yote ikamwagika.

Ilikuwa saa ya mfukoni, ya fedha, ambayo mababu walikuja nayo kutoka mashariki enzi za misafara, na katika ukoo ule haikuwa pambo. Binti akiolewa, baba humwekea mkwe saa ile kiganjani mbele ya watu. Mkwe huipeleka sikioni, na akisikia inapiga husema, "Nimempokea." Hapo ndoa imetimia machoni pa ukoo, hata kama shehe alishamaliza yake zamani. Saa hukaa kwa binti mpaka azae mtoto wa kwanza, kisha hurudi nyumbani kumngoja mwingine. Saa iliyosimama haimtoi mtu.

Basi Yakubu, mfanyabiashara wa mchele wa Ubundu, alipoleta posa na baba akaipokea, Hadidja alijifungia chumbani, akafungua mgongo wa saa, akachukua sindano na kuivunja kamani moja ndogo, ile springi ya kushika, nyembamba kuliko ukope. Ilikatika bila kelele. Akarudisha kifuniko, akaenda kuchambua mchele na shangazi yake huku anaimba.

Aliyemwonyesha mahali pa kuvunja alikuwa Valère. Huyu alikuwa Mgenya, mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko, Mkristo wa kubatizwa, ambaye mikono yake ilikataa mitego ya samaki tangu udogo na kupenda vitu vya kufungua na kufunga. Alikuwa fundi katika duka la Mgiriki mmoja karibu na posta. Siku moja Hadidja alimpelekea saa ya kengele ya shangazi. Saa ile ilipona siku ileile; Hadidja ndiye hakupona.

Alirudi tena na tena, leo kengele imenyamaza, kesho kengele inalia ovyo, na Valère, ambaye alijua vizuri kwamba saa haina ugonjwa, aliifungua kila mara na kumweleza. "Hii resori kubwa ndiyo iko na nguvu," alimwambia. "Lakini ile ndogo, unaiona? Kazi yake iko kushika tu. Ikikatika, unajaza, unajaza, inajimwaga yote."

"Sawa na siri kwa shangazi yangu," Hadidja alijibu, na Valère alicheka mpaka Mgiriki akakohoa kule nyuma.

Alimweleza pia jinsi kamani, ile aliyoiita resori, inavyozaliwa. Chuma kinapikwa mpaka kiwe chekundu, kinatumbukizwa katika mafuta, kinakuwa kigumu. Fundi mvivu anaishia hapo. Kamani ya moto mmoja inashika vizuri siku ya kwanza na ya pili, halafu inakatika ghafla, kwa sababu ugumu peke yake hauna uvumilivu. Fundi wa kweli huirudisha motoni, polepole, mpaka iwe na rangi ya bluu kama shingo ya njiwa. Huo moto wa pili ndio unaoifanya idumu.

Naye Hadidja alimweleza ya kwao. Kwamba nyumbani kwa Papa Nassoro siku huanza Magharibi, na adhana ikilia baba huchukua saa ya babu na kuweka mishale yote miwili juu, kwenye kumi na mbili, kama wazee walivyofanya. Valère aliona ajabu. "Alors, nyumba yenu na posta hazitakutana hata siku moja," alisema. Hadidja akamwambia nyumba na posta zisikutane, mradi wao wawili wanakutana. Walikuwa vijana, na mwaka ule hakukuwa na mtu wa kuwaambia kwamba wanachekea jambo zito.

Halafu ukaja mwaka wa sitini na nne, na vita vya waasi vikaingia mjini Kisangani. Mgiriki alitoweka na duka likavunjwa. Waliofanya kazi kwa Wazungu wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba, na Valère akajificha kwa mjomba wake, tonton kama alivyomwita, kule kwenye maporomoko, chini ya rundo la mitego mibovu. Hadidja alijua yuko hai kwa sababu tu mama mmoja muuza samaki alimletea salamu ndani ya majani ya kufungia samaki. Kwa hiyo alipoivunja saa alikuwa amepiga hesabu zake: Kisangani yote haina fundi saa, saa haitatembea, Yakubu atachoka kungoja atarudi Ubundu. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe.

*

Alikuwa anatwanga ndizi za lituma uani wakati shangazi yake, Mama Safi, alipoingia akihema.

"Hadidja! Weka maji ya kahawa. Fundi amepatikana."

"Fundi gani?"

"Fundi ya saa! Papa yako alimutafuta mpaka kwa Wagenya. Kuna kijana moja alikuwa anafanya kazi kwa ule Mgiriki. Banasema alikuya na njia ya mto, amejifunika nyavu kichwani. Masikini, hatari yote ile juu ya saa ya watu wengine. Mbona unaacha muti juu ya miguu yangu?"

Mtwangio ulikuwa umemponyoka. Hadidja aliuokota, akauweka ukutani, ukaanguka tena.

Alipoingia barazani na sinia la kahawa, baba alikuwa amekwenda chumbani kuitoa saa sandukuni. Valère alikuwa peke yake juu ya mkeka. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na shati lilikuwa la mtu mwingine mnene zaidi. Walitazamana. Miezi yote ile Hadidja alikuwa ametayarisha maneno ya siku hiyo, maneno mengi na mazuri, na sasa hakuliona hata moja.

"Juu ya nini ulikuya?" alinong'ona, akimimina kahawa nje ya kikombe.

"Baliniambia nyumba ya Papa Nassoro. Ningekataa namna gani? Nilitaka kukuona."

"Unajua hii saa iko ya kazi gani?"

"Uliniambia kwa duka, zamani." Alipangusa kahawa iliyomwagika. "Bwana arusi iko nani?"

"Yakubu wa Ubundu. Valère, sikia. Baba anarudi. Mimi ndiye niliivunja."

Macho ya Valère yalifumbuka, kisha kitu fulani kilipita usoni mwake, kitu kilichokuwa karibu na kicheko.

"Usiikatae hiyo kazi, atashuku," Hadidja aliendelea haraka. "Tengeneza. Lakini moto moja tu. Umenisikia? Ikatike mbele arusi haijafika. Niahidi."

Hatua za baba zilikuwa mlangoni. Valère aliinamisha kichwa mara moja, na ile ilikuwa ahadi. Hadidja aliingia ndani, akaliachia pazia lianguke, akasimama nyuma yake huku moyo unampiga kwa furaha. Ndiyo, furaha. Alimwona mpenzi wake, na mpenzi wake alikuwa upande wake. Aliacha upenyo wa upana wa vidole viwili kati ya pazia na ukuta.

Valère alibana jichoni kioo chake cha fundi, akafungua mgongo wa saa na kuinama. Hadidja alijua anachokiona: mkwaruzo wa sindano.

"Iko nini?" aliuliza Papa Nassoro.

"Resori ndogo, papa. Ile ya kushika. Ilikatika."

"Ilikatika juu ya nini? Babu aliitembeza hii saa, papa yangu aliitembeza."

"Uzee, papa," alisema Valère. "Vitu vyote vinachoka."

Nyuma ya pazia Hadidja alifumba macho na kumshukuru Mungu kwa uongo ule.

"Utapata ingine wapi? Duka zote zimevunjwa."

"Nitaitengeneza hapa. Papa iko na sindano ya kazi, ya chuma muzuri? Na taa kidogo. Na mawese kidogo katika kikombe."

"Hadidja! Lete sindano!"

Akaileta, ya kushonea kofia za baba yake, na kumpa Valère mkono kwa mkono. Ncha za vidole vyao ziligusana chini ya macho ya mzee, na mzee alikuwa anatafuta miwani.

Valère aliilainisha sindano juu ya kibatari, akaipinda kwa kibano, akaichonga kwa tupa ndogo, akaipima mahali pake, akaichonga tena. Ilikuwa kazi ya mchana mzima. Papa Nassoro, ambaye hakuna alichokiheshimu duniani kuliko mkono unaojua kazi yake, alikaa karibu akimtazama, na kadiri alivyotazama ndivyo ulimi wake ulivyolegea.

"Umejifunza muzuri."

"Aksanti, papa."

"Mutoto wa maporomoko, na mikono ya namna hii. Mungu anagawanya anavyotaka." Alikunywa kahawa. "Nimekuleta katika hatari, kijana. Unisamehe. Niko na haraka na hii saa."

"Ni arusi. Bananiambia."

"Arusi iko jina tu."

Valère alikuwa ameshika kamani kwa kibano ndani ya mwali. Ikawa nyekundu. Akaitumbukiza katika mawese, ikalia *tss*, akaitoa na kuiweka juu ya kitambaa, nyeupe, ngumu. Huo ulikuwa moto wa kwanza. Kilichobaki, Hadidja aliwaza, ni kuipachika tu.

"Kuna mukubwa moja wa hawa wenye bunduki," alisema Papa Nassoro, na sauti yake ilishuka. "Alipita hapa. Hadidja alikuwa anaanika nguo, hakumuona. Aliniuliza, huyu binti iko wa nani? Nilimuambia iko muke wa mutu. Mimi, na hizi ndevu, nilisema uongo. Alicheka. Akasema bon, atarudi kumuona huyo bwana yake."

Kibano kilikuwa kimesimama hewani.

"Mutoto wa jirani balimuchukua hivyohivyo," mzee aliendelea. "Mama yake anakaa mulangoni mpaka leo. Donc, nimefikiri. Yakubu anabeba muchele yao na treni, banamupa njia. Muke wake atapita naye. Mutoto wangu peke yake hatapita, na mimi sitapita. Yakubu haiko kijana, nayua. Hadidja hamupendi, nayua hiyo pia, yeye anafikiri niko kipofu. Lakini nisikie weye, utazaa siku moja: mutoto anayelia kule Ubundu iko muzuri kupita mutoto anayenyamaza hapa."

Hadidja hakuwa amesikia habari ya yule mkubwa. Hakuna aliyemwambia. Alijishika ukutani. Hata hivyo, tuseme ukweli, jambo la kwanza aliloliogopa halikuwa mtu mwenye bunduki. Aliogopa uso wa Valère.

Valère alikuwa anaitazama ile kamani nyeupe juu ya kitambaa. Aliichukua kwa kibano. Akaisogeza kwenye saa, ikakaribia kabisa tundu lake, na Hadidja akasogeza jicho kwenye upenyo. Ipachike, alimwomba kimoyomoyo. Ipachike, uliniahidi.

Mkono ulisimama pale muda mrefu. Kisha Valère alichukua kipande cha shaba, akakiweka juu ya kibatari, akailaza kamani juu yake.

Hadidja aliona rangi zikija moja baada ya nyingine. Ilikuwa manjano ya majani makavu. Ikawa kahawia. Ikawa zambarau. Alitaka kutoka na kuipiga teke ile taa, na hakutoka. Rangi ya bluu ilipofika, Valère aliiondoa motoni, akaipuliza kidogo, na chozi moja likateremka kutoka chini ya kile kioo cha jichoni.

"Moshi?" aliuliza mzee.

"Moshi, papa."

*

Saa ilifungwa jua likiwa limekwisha kuegemea miti. Valère aliuzungusha ufunguo, *kri, kri, kri*, akauachia. Haukurudi. Ndani ya baraza ile, ambayo ilikuwa kimya tangu Hadidja aivunje, ukaanza ule mlio mdogo, na Papa Nassoro akaweka kiganja juu ya mdomo wake.

Wakati huohuo adhana ya Magharibi ikalia. Siku zile mwadhini alikuwa akiadhini kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Valère alikuwa amechoka na moyo wake ulikuwa mbali, hakufikiri. Aliingiza ufunguo upande wa mishale, akaizungusha yote miwili mpaka juu, kwenye kumi na mbili, akamkabidhi mzee saa yake kwa mikono miwili.

Papa Nassoro aliipokea. Aliangalia mishale. Akaangalia tena.

"Nani alikuambia?"

"Nini, papa?"

"Ule Mgiriki wako alisafisha hii saa, akanirudishia na saa ya posta. Mafundi yote iko vile. Mimi mwenyewe ndiye nazungusha, hapa, kwa mkeka huu." Sauti haikupanda hata kidogo. "Kitu hiki kinajulikana ndani ya nyumba hii tu. Nani alikuambia, kijana?"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wawili wale walikuwa wameyaficha kwa shangazi, kwa majirani, kwa vita vyenyewe, na sasa yalikuwa wazi kiganjani mwa mzee. Papa Nassoro aligeuza kichwa polepole kuelekea kwenye pazia, na pazia likatikisika.

"Tangu wakati gani?"

"Mbele ya vita, papa."

"Na ulijua hii saa iko ya kazi gani, mbele hujaishika."

"Nilijua."

"Ungeiharibu, mimi singejua kitu."

"Hapana, papa, usingejua."

Saa iliendelea kupiga kati yao.

"Weye iko mutu wa kanisa," alisema hatimaye, "na mimi iko na makaburi ya mababu nyuma ya nyumba yananiangalia. Hata bila vita ningesema hapana. Nakuambia ukweli, ningesema hapana." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, na bado hakuivaa. "Lakini ningependa kuyua ninamukatalia mutu gani."

Aliinuka kwa shida, magoti yakalia. Akachukua birika la kutawadhia.

"Ninaenda kusali. Mulango wa uani uko wazi. Leo sala yangu itakuwa ndefu."

*

Walisimama uani, kati ya kinu na kamba ya nguo. Kutoka chumbani sauti ya Papa Nassoro ilikuja ikisoma, taratibu mno, neno kwa neno, kama mtu anayehesabu nafaka ya mwisho ghalani. Alikuwa anawapa muda.

Hadidja ndiye aliyeanza, na hakuanza na machozi.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Nayua."

"Kimoja tu! Ukainamisha kichwa."

"Nilipoinamisha kichwa sikuyua habari ya ule mutu."

"Hata mimi sikuyua! Mimi niko nyuma ya pazia, nasikia maisha yangu kama habari ya mutu mwingine. Mulikaa kule, wanaume wawili, na taa yenu, mukaamua. Juu ya nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema hapana."

"Ndiyo sababu ulipashwa kuniuliza!"

Valère aliinamisha kichwa kwa mara ya pili siku ile. Na tumpe heshima yake, hakutunga kisingizio.

"Ni kweli," alisema.

"Tungekimbia. Tonton wako iko na mtumbwi."

"Mtumbwi yote banaangalia. Jana balipiga moja na risasi, ilikuwa na samaki tu. Hadidja, mi niko nalala chini ya mitego. Ukikuya kwangu, utalala wapi? Nikiacha moto moja, resori inakatika, Yakubu anaondoka na treni yake. Halafu ule mutu anarudi hapa. Nitakuya kukulinda na nini? Na kibano?"

"Basi tungekufa pamoja."

"Sitaki tukufe pamoja. Niko nataka weye uishi, hata kama haiko na mi." Sauti yake ilikatika katikati, akaikusanya. "Mi sikuyua kama kitu hiki kinaweza kuuma namna hii. Nilipoona ile bluu, nilitaka kuiponda na meno."

Hapo ndipo Hadidja alipolia. Alilia amesimama wima, mikono imeshuka, bila kujifuta, na Valère, ambaye katika mwaka mzima wa saa ya kengele hakuwahi kumgusa ila ncha za vidole, alimshika uso kwa viganja vyake viwili vilivyonuka mawese na moshi. Walikaa hivyo. Ndani, mzee alikwenda kurukuu, akakaa huko muda mrefu kuliko magoti yake yalivyopenda.

"Sitakusamehe," alisema Hadidja ndani ya vile viganja. "Unasikia? Nitakukasirikia kila siku ya Mungu. Nitakukasirikia mpaka nizeeke."

"Bon," alisema Valère. "Ndiyo niko nakutakia. Uzeeke."

Alitoa kitu mfukoni, kimefungwa katika kipande cha karatasi. Ndani yake ilikuwa kamani ya zamani, ile iliyokatika, vipande viwili vidogo ambavyo upepo ungeweza kuvichukua.

"Hii ndiyo yetu," alisema. "Ile ingine iko ya arusi."

Hadidja aliifunga katika pindo la kitambaa chake cha kichwa, fundo juu ya fundo. Alitaka kumwambia jambo moja zaidi, kubwa kuliko yote aliyosema, na lilikuwa limefika kooni. Lakini kutoka chumbani ikasikika, kwa sauti iliyopandishwa makusudi, "Assalaam alaykum warahmatullah," upande wa kulia, na baada ya kimya kirefu, "Assalaam alaykum warahmatullah," upande wa kushoto. Sala ilikuwa imekwisha.

Valère alijifunika nyavu kichwani, akapita nyuma ya ua. Hadidja alibaki ameinamisha sikio upande wa mto, akisubiri mlio ambao hakutaka kuusikia. Maporomoko yalinguruma kama siku zote, na yakafunika kila kitu, cha heri na cha shari.

*

Ndoa ilikuwa ya haraka, bila ngoma, madirisha yamefungwa. Papa Nassoro alimwekea Yakubu saa kiganjani. Yakubu alikuwa mtu mzima mwenye aibu, aliyefiwa na mke, ambaye alikuwa amevaa kofia aliyoshonewa na baba mkwe wake na hakujua aiweke wapi miguu yake. Aliipeleka saa sikioni.

"Inapiga," alisema. "Nimemupokea."

Mama Safi alilia kwa sauti, ikabidi azibwe mdomo na kanga. Papa Nassoro alimshika binti yake mabega, na neno alilomwambia sikioni lilikuwa fupi: "Mimi pia unikasirikie, mama. Lakini kule, mbali." Hadidja alimbusu mkono.

Walivuka mto hadi Lubunga, ng'ambo inakoanzia reli, kwa mtumbwi wa Wagenya. Wapiga makasia walikuwa wazee watupu, kijana hata mmoja hakuwepo, na hakuthubutu kuwauliza kitu. Askari walitazama karatasi ya Yakubu, wakamtazama Hadidja kutoka kichwani hadi miguuni, wakasema, "Muke wako?" Yakubu akasema, "Muke wangu." Wakapita.

Treni iliingia msituni, ikaenda kwa kusitasita, ikasimama mara kwa mara bila sababu. Ndani ya behewa la magunia, Yakubu alimtandikia shuka juu ya mchele, akakaa mbali kidogo ili asimbane. Jua lilipozama nyuma ya miti aliitoa saa mfukoni, akaigeuzageuza, akamnyooshea.

"Shika weye," alisema kwa upole. "Papa alisema iko na desturi yake. Mi siiyui."

Hadidja aliipokea. Hakukuwa na adhana pale, ila mbu na magurudumu, lakini mbingu ilikuwa na rangi ya Magharibi na hiyo ilitosha. Aliweka mishale yote miwili juu. Halafu, kwa mkono mmoja akiwa ameshika lile fundo kwenye kitambaa chake cha kichwa, aliingiza ufunguo upande wa kujaza. Huenda macho yangu yalinidanganya nyuma ya pazia, aliwaza. Huenda bluu ile ilikuwa ya mwali tu, na moto ulikuwa mmoja, na leo au kesho itakatika, na nitakuwa na haki ya kurudi.

Aliuzungusha ufunguo mpaka ulipokataa kwenda. Akalegeza vidole, akauachia kabisa, akangoja urudi nyuma.

Haukurudi.